Sufuria Zilizooshwa kwa Udongo

Niliacha shule nikiwa darasa la sita, na si kwa kukosa karo. Mwalimu wa jiografia alituchorea ubaoni barabara ya kutoka Mombasa hadi Kampala, nami nikaona ni upuuzi kukaa kwenye dawati nikiitazama kwa chaki wakati yenyewe ilikuwa ikipita maili chache kutoka pale. Nikaifuata. Kufikia Uhuru nilikuwa nimefagia sinema, nimepika chai kwenye gereji, nimelinda shamba la kahawa ambalo sikuwahi kujua mwenyewe ni nani, na nimejifunza kuendesha lori kwa Singasinga mmoja aliyekuwa akinitukana kwa lugha tatu. Sikukaa mahali. Kazi iliyonishika kuliko zote ilikuwa ya kupeleka nyama kambini.

Lori lilikuwa la mtu wa pwani mwenye bucha katikati ya mji, nyuma ya River Road. Jioni akishafunga bucha alipanda chumba cha juu kufundisha watoto Kurani, ndiyo maana mtaa mzima, hata polisi wa zamu, ulimwita Mwalimu. Alikuwa mwembamba, mwenye kofia safi isiyojua damu, na alikuwa akichinja mwenyewe kule machinjioni Dagoretti kila asubuhi. Alinichukua ingawa mimi ni Mkristo wa Ukambani. "Lori halisali," aliniambia siku ya kwanza. "Wewe liendeshe tu."

Wakati huo nchi yetu ilikuwa changa na jeshi lake changa zaidi. Waingereza walikuwa wameshusha bendera yao, lakini kulikuwa na makubaliano: wao wangebakisha maofisa wa kuwafundisha wetu, na vikosi vyao vingekuja kufanya mazoezi kwenye jua letu, sisi tungepata redio, magari na ujuzi wa silaha kubwa. Magazeti yaliandika "ushirikiano" karibu kila wiki. Mimi nilitaka kuona huo ushirikiano unafananaje mtu akiushika kwa mkono. Kwa hiyo Mwalimu alipopewa kazi ya kulisha kambi ya mafunzo iliyokuwa imewekwa mbele kidogo ya Kangemi, nilifurahi kuliko yeye.

Kambi ilikuwa na kampuni moja ya askari wetu na kikosi cha Waingereza waliokuja kufanya mazoezi nao. Upande wetu mkubwa alikuwa kapteni mmoja, mtu wa makamo, mfupi, mwenye shingo nene, aliyeingia jeshini zamani za mkoloni kama askari wa kawaida. Miaka yote ile alikula kwenye foleni ya Waafrika, uji na maharagwe, huku akinusa mikate na nyama ya foleni ya pili. Sasa alikuwa na nyota mabegani, na jambo la kwanza alilodai halikuwa bunduki. Alidai jiko moja. Sufuria zilezile, foleni ileile, meza zilezile, mweupe kwa mweusi. Meja wa Kiingereza, aliyekuwa akiishi Kitisuru kwenye nyumba yenye ua wa maua, alikubali. Nadhani alikubali kwa moyo safi.

Siku ya kwanza ya jiko moja nilikuwepo, nimeketi kwenye ngazi ya lori nikila ndizi. Foleni ilipangwa. Theluthi moja ya askari wetu, watu wa pwani na wa kaskazini, wakatoka kwenye foleni wakaenda kukaa chini ya miti ya mikaratusi. Hawakupiga kelele. Walikaa tu.

Kapteni akawaendea. Askari mmoja mrefu wa Garissa akasimama, akapiga saluti.

"Afande, sisi hatukatai amri."

"Kwa nini hamli?"

"Nyama ni ya Mwalimu, hiyo tunajua ni halali. Lakini asubuhi kwa sufuria ile wamekaanga nguruwe. Tumeona kwa macho."

"Si wameosha?"

"Wameosha kama wanavyoosha wao, afande."

Kapteni hakuwa Mwislamu, na nadhani jambo hilo halikuwahi kumpitia akilini. Zamani kila kundi lilikuwa na jiko lake, na hakuna aliyelazimika kufikiri. Alirudi jikoni akala peke yake, akimaliza kila kitu kwenye sahani kama mtu anayetekeleza amri.

Hali hiyo iliendelea. Askari wale walikula tende, mikate mikavu na maziwa waliyonunua Kangemi. Ukilala na njaa huwezi kubeba redio mlimani kesho yake, na Waingereza wakaanza kunong'ona kwamba askari wetu ni dhaifu. Meja akamwita Kapteni akamweleza waziwazi: wakubwa wa pande zote mbili wangekuja kuitazama kambi wiki iliyofuata. Kama kufikia siku hiyo watu walikuwa bado wanakaa chini ya miti na njaa, basi warudi kwenye utaratibu wa zamani, majiko mawili, na yaishe. Kapteni ndiye aliyenisimulia haya, ameegemea mlango wa lori langu.

"Afande, si majiko mawili ni sawa tu?" nikamuuliza. "Kila mtu ale chake."

Akanitazama kama nimemtemea mate. "Majiko mawili yatakuwa la Waislamu na la Wakristo kwa wiki moja. Wiki ya pili litakuwa la wazungu na la weusi. Mimi najua hiyo barabara, nimeipita. Kama nitashindwa na sufuria, nitashinda nini?"

Aliomba sufuria mpya. Stoo ya jeshi ikamjibu kwamba zingefika baada ya miezi kadhaa. Aliomba kuzinunua mjini. Sufuria za ukubwa ule, za kupikia watu mia, hazikuwepo dukani. Akaniambia nimuulize Mwalimu kama angeweza kuja kambini kuwahakikishia askari kwamba chakula ni salama. Mwalimu alikuwa akinoa kisu. Hakuinua hata uso.

"Nyama yangu naijua, ilianzia wapi ikaishia wapi. Sufuria zao sizijui. Nitawaambiaje watu wale?"

"Kapteni atafurahi, Mwalimu."

"Kapteni hataulizwa na Mungu kwa niaba yangu, mwanangu."

Basi ikabaki hivyo, na siku za ugeni zikawa zinakaribia.

Msimamizi wa jiko alikuwa sajenti wa Kiingereza, mnene, mwenye masikio mekundu, aliyewahi kukaa nchi hii miaka ya nyuma na kujifunza Kiswahili cha kuombea vitu. Hakuwa mtu mbaya. Aliumia kweli kuona chakula chake kinakataliwa. Mpishi ni mpishi. Alikuwa ameambiwa kwamba Mwislamu hali nyama isipochinjwa na Mwislamu mwenzake kwa kutaja jina la Mungu. Hilo lilikaa kichwani mwake peke yake, bila sheria nyingine zinazoandamana nalo, likazaa wazo.

Asubuhi moja nilipofika kambini kushusha nyama, aliniambia nisiondoke na lori tupu. Nikaenda kunywa chai. Niliporudi, nyuma palikuwa na kasha limefunikwa turubai, na Sajenti ameshaketi mbele, kofia magotini.

"Twende Dagoretti," akasema. "Kwa Mwalimu."

"Nimebeba nini, Sajenti?"

"Mnyama. Ya kuchinja." Akatabasamu. "Leo mimi namaliza shida."

Nilidhani ni kondoo. Tulipita Kangemi, tukakata kuelekea Kawangware, barabara ikawa mashimo matupu. Kwenye shimo la kwanza kubwa, kasha lilipiga kelele. Kondoo halii vile. Nikakanyaga breki hadi Sajenti akagusa kioo kwa pua.

"Sajenti. Hiyo ni nguruwe."

"Ndiyo! Nguruwe mzuri kabisa, ya shamba."

"Unapeleka nguruwe kwa Mwalimu?"

"Yeye atachinja. Na jina la Mungu. Sasa nyama ya ng'ombe yake sawa, nguruwe yake sawa, sufuria sawa. Wote wanakula."

Nilimtazama nione kama ananichezea. Alikuwa ameng'aa kama mtoto aliyechora picha ya mama yake. Nilianza kumweleza: kwamba hakuna maneno yanayoweza kumgeuza nguruwe, kwamba hata kumgusa ni shida. Alisikiliza, uso ukaanza kubadilika, masikio yakazidi kuwa mekundu. "Lakini ng'ombe…" akasema. "Ng'ombe ni ng'ombe," nikamjibu.

Tungegeuza pale pale, lakini barabara ilikuwa nyembamba, nyuma yetu kulikuwa na mikokoteni ya mbuzi ikielekea machinjioni, na wenye mikokoteni wakawa wanapiga makofi kwenye mbao wakitaka tusogee. Ilibidi kwenda mbele hadi uwanja wa machinjio ndipo lori ligeuke. Nilikusudia kuingia na kutoka. Mnyama yule alikuwa na makusudio yake. Alipiga kelele ambayo Dagoretti nzima iliisikia, na watu wa kisu wakatoka mmoja mmoja, aproni zimelowa, kuja kuangalia lori la Mwalimu limebeba nini.

Mmoja akainua turubai. Akaliachia kama limemchoma.

"Mwalimu! Wee Mwalimu! Njoo uone mgeni wako!"

"Leo Mwalimu amebadilisha biashara!"

"Ataanza kuuza soseji River Road!"

Mwalimu akatoka. Alitazama kasha, akatazama majimaji yaliyokuwa yakidondoka kutoka kwenye mbao za lori lake, akanitazama mimi, kisha Sajenti. Sajenti akashuka, akasimama wima kama yuko mbele ya jenerali, akasema kwa Kiswahili chake chote: "Mwalimu, mimi mjinga. Huyu kijana hapana kosa. Mimi nilifikiri wewe unaweza kumfanya sawa."

Nilitegemea matusi. Mwalimu alikuwa na hasira, mshipa wa shingoni ulionekana. Lakini alisema polepole, "Umemleta ili watu wangu wale?"

"Ndiyo."

"Kwa wema?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi wema wako utashika ndoo."

Mkikuyu mmoja mwenye bucha ya upande wa pili alimchukua nguruwe kwa furaha kubwa na bila maswali. Sisi tukabaki na lori. Mwalimu alisimama mbali, akatuelekeza. Kuosha kwa maji tu hakukutosha. Kitu kilichoguswa na nguruwe huoshwa mara saba, na mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo safi. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayefundisha watoto wake wa jioni. Nilichimba udongo mwekundu kando ya mto, Sajenti akachota maji. Alivua shati. Alisugua mbao zile kwa brashi na kwa mikono yake, magoti kwenye tope, na wachinjaji wakawa wanamhesabia kwa sauti moja kila tunapomaliza mzunguko, wakicheka. Alipodhani tumemaliza walimkatalia: "Bado, mzee! Hiyo ni nne!"

Tulipofika mwisho, Mwalimu akakaribia, akapitisha kiganja juu ya mbao. "Sasa ni lori langu," akasema.

Sajenti alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, amepakaa udongo hadi nyusi. Ndipo akauliza swali ambalo sisi sote, na Kapteni wetu, na yule askari wa Garissa, tulikuwa tumekaa juu yake wiki nzima bila kuliona.

"Kama lori linaoshwa… sufuria pia?"

"Ya chuma, ndiyo," Mwalimu akasema. "Miko ya mbao mtachoma, maana inanyonya. Lakini haina maana kuosha kama kesho mtarudisha nguruwe mlemle."

Sajenti akanidaka mkono. "Twende!"

Kapteni aliposikia, hakutaka kusubiri. Jumamosi ilikuwa siku yangu ya kupeleka nyama nyumbani kwa Meja, akapanda nami. Njia nzima hadi Kitisuru alikuwa akirudia kitu midomoni, Kiingereza nadhani. Pale ua wa Meja ulipoanza alijifunga kifungo cha shingo. Mpishi wa nyumba alikuwa akipima nyama kwenye baraza la nyuma, na baraza la mbele halikuwa mbali, kwa hiyo niliwasikia. Kiingereza changu cha sinema kilinitosha.

Kapteni alieleza kuhusu udongo na mara saba. Meja hakucheka. Akauliza, na nyama ya nguruwe ya asubuhi? Kapteni akasema iondoke jikoni.

"Kapteni, watu wangu wakikosa bekoni asubuhi wataasi kabla ya saa mbili."

"Watu wangu hawajala chakula cha moto siku nyingi, bwana, na hawajaasi."

Nilisikia kijiko kikizungushwa kwenye kikombe.

"Unataka niwaambie waache chakula chao, kwenye kambi ambayo sisi tumeleta mahema, magari na redio?"

"Ndiyo maana nakuomba wewe. Aliyeleta vingi ndiye anayeweza kuacha kimoja."

Mpishi wa nyumba alisahau mizani. Meja akasema kitu kwa sauti ya chini, Kapteni akajibu, wakaendelea kuvutana kama watu wawili wanaobeba kabati kupitia mlango mwembamba. Mwishowe wakapata pembe ya kupita. Nguruwe angepikwa asubuhi tu, kwenye jiko dogo la mafuta, kwenye hema mbali na jiko kuu, kwa kikaango chake na sahani zake. Mchana na jioni, jiko moja, foleni moja, bila nguruwe.

Kwenye lori Kapteni alifungua kifungo cha shingo.

"Asubuhi kila mtu na Mungu wake," akasema. "Mchana na jioni ni jeshi. Sikupata yote."

"Umepata mengi, afande."

"Endesha. Tuna sufuria za kuosha."

Tuliziosha siku iliyofuata baada ya watu kutoka kanisani. Ziliburutwa hadi uwanjani, nyeusi, kubwa, mtu mzima angeweza kukaa ndani. Kapteni alivua koti, na maofisa wawili vijana wa Kiingereza waliposimama kutazama, Sajenti aliwakabidhi brashi bila kuwauliza cheo. Udongo ulitoka Dagoretti. Nilikuwa nimeujaza nyuma ya lori lililosafishwa. Mwalimu alikuja kwa teksi, amevaa kanzu, akasimama na fimbo yake. Hakugusa kitu. Alitazama kila mzunguko, na mara moja alirudisha sufuria iliyokuwa na doa la mafuta chini ya mshikio, akaamuru ianzwe upya. Aliyekuwa ameiosha ni luteni. Luteni akaianza upya. Wale askari wa chini ya miti walikuwa wamesogea, wamejipanga kwenye kivuli, wakitazama. Miko ya mbao ilichomwa, na moshi wake ulinuka kama kila chakula kilichowahi kupikwa kambini.

Siku ya wakubwa kuja, kulipikwa wali na nyama ya ng'ombe. Wakubwa walikuja na magari marefu, wakaonyeshwa redio na shabaha, wakapigiwa saluti. Nina hakika hakuna hata mmoja wao aliyejua walichokuja kuona hasa. Wakati wa chakula Kapteni alimkaribisha Mwalimu apite wa kwanza. Mwalimu alishika sahani ya bati, akapakuliwa, akaketi kwenye meza ya kwanza, akasema bismillahi na kula kwa mkono mbele ya watu wote. Yule askari wa Garissa alimtazama akitafuna. Kisha akachukua sahani.

Foleni ikawa ndefu ajabu. Kambi haikuwahi kupikia watu wote kwa pamoja wakala wote, na hesabu ya mpishi ilikuwa bado ya siku za chini ya miti. Kapteni alikuwa amejiweka mwisho kabisa wa foleni, nyuma ya askari wa mwisho mweupe na wa mwisho mweusi, na Sajenti, aliyekuwa akipakua, alizidi kumwangalia kwa wasiwasi jinsi mwiko mpya ulivyoanza kugonga chini. Kapteni alipofika, sufuria ilikuwa tupu.

"Samahani sana, Kapteni," Sajenti akasema. "Imekwisha."

"Imekwisha?"

"Wote wamekula."

Kapteni aliinama, akachungulia ndani ya sufuria kama mtu anayechungulia kisima. Chini kulikuwa na ukoko, wa kahawia, umeshika chuma. Akanyoosha mkono apewe kijiko cha chuma, akaanza kuukwangua mwenyewe, ukitoa sauti kavu iliyowafanya wakubwa wageuke kwenye meza yao. Aliujaza kwenye sahani, akavunja kipande, akampa Sajenti.

"Kula. Sehemu tamu ndiyo hii."

Sajenti akatafuna, meno yakilia. "Kesho," akasema, mdomo umejaa, "mimi napika zaidi."

"Kesho pika zaidi," Kapteni akajibu, akaendelea kukwangua.

Niliacha kazi ile miezi michache baadaye, si kwa ugomvi. Kulikuwa na lori la kwenda Kisumu na mimi sikuwa nimeona ziwa. Katikati ya miaka ya sabini nilipita tena pale mbele ya Kangemi. Kambi ilikuwa imehama na watu walikuwa wakijenga nyumba. Kwa mama mmoja aliyekuwa akiuza githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, kando ya barabara niliona sufuria nyeusi ambayo mtu mzima angeweza kukaa ndani. Nikamuuliza aliipata wapi. Akaniambia aliinunua wanajeshi walipokuwa wanahama, na kwamba inapika vizuri, shida yake ni moja tu: inashika chini. Nikamwomba anipakulie kutoka huko chini.